Gita Juu ya Uchaga

Newala, 4 Juni 2024

Dada Ida,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kabla hata hujavaa miwani vizuri.

Kipupwe kimeingia. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unapita uani kwangu bila kubisha hodi, na mpaka saa nne sioni choo kilipo. Huko kwenu Masasi mnaita baridi mkijifunika shuka moja. Njoo huku uone watu wanavyonunua makoti ya mitumba.

Makubaliano yetu ya Pasaka sijayasahau. Huruma wangu alilia, Anderson wako alizungumza kama mwenyekiti wa mkutano, na wewe ulikaa unanitazama tu. Kifua kikinibana tena mwaka huu kama kilivyonibana mwaka jana, basi randa, misumeno, patasi na meza ya kazi vinashuka Masasi, mimi nashuka nyuma yake, na banda langu linageuka la kuku. Nilikubali. Ila ujue nilikubali nikiwa na hakika kwamba sitashindwa.

Nimejiandaa. Matundu yote ya mabati nimeyaziba kwa viroba vya salfa. Nimeanza gita jipya, mgongo wa mninga na uso wa mkangazi, na safari hii nimeupunguza mgongo mpaka umekuwa mwembamba kuliko nilivyowahi kuthubutu. Nina haraka nalo kidogo, usiniulize kwa nini.

Mwambie Anderson aache kutucheka kwa kuandikiana barua. Tangu masikio yako yafunge duka, simu imekuwa kazi ya mimi kupiga kelele na mtaa mzima kusikia isipokuwa wewe. Na ujumbe wa simu, wewe unasema herufi zake ni sisimizi. Anwari anaondoka na Kosta yake ya abiria asubuhi. Barua hii utaipata kabla hujapika cha mchana.

Nduguyo,
Reginald


Masasi, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Reginald,

Marahaba. Viroba vya salfa! Mtu aliyefanya kazi ya uuguzi mpaka akastaafu anaziba banda lake kwa viroba vya dawa ya mikorosho, halafu anakaa ndani anavuta pumzi. Ulivifua? Najua hukuvifua. Vitoe, vifue, virudishe, kisha unawe.

Nimempa Anwari blanketi la kijani na lile sweta la marehemu shemeji yako. Usiniambie linabana. Mabati ni mabati tu, hata ukiyaziba kwa sala. Usiku yanakunywa baridi yote ya uwanda, asubuhi yanakutemea wewe. Hapa kwangu majabali yanashika jua mchana kutwa, na jioni naoga maji ya bomba bila kuyachemsha.

Na hilo gita ni la nani? La kwanza uliloliunda shingo yake ilipinda, la pili uliwapa vijana wa kanisani. Kama ni la kwaya ya kwetu, sawa, sitakukataza. Ila usinialike kulisikiliza. Mimi na magita tulishaagana. Jumapili nakaa benchi la mbele, naona vidole vya wapigaji vinatembea kwenye nyuzi, najua kabisa ni wimbo gani, na ndani ya kichwa changu kimya. Zamani vidole hivyo vilikuwa vyangu. Naandika hivi bila kinyongo, ujue.

Niandikie ukweli kuhusu kifua. Nasema ukweli.

Dada yako,
Ida


Newala, 18 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sweta limenikaa, nashukuru. Viroba nimevifua, na kifua ni kizima.

Taabu yangu sasa ni gundi. Ile nyeupe ya mbao haitaki baridi wala unyevu. Nimebana mbavu za gita jioni, asubuhi nimefungua vibano, na zimeachana hapo hapo kama watu waliogombana. Gundi imebaki chengachenga, unaikwangua kwa ukucha. Mbao nazo zinavuta ukungu. Uso niliouacha umenyooka ulikuwa umebetuka nilipoamka.

Kwa hiyo nimetafuta ufumbuzi, na nimeupata. Nimeingiza jiko la mkaa bandani. Nimefunga mlango ili joto lisitoroke, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze vidole vyangu vimekubali kushika patasi. Joto lilikuwa tamu mno. Saa tatu asubuhi nilikaa kwenye kigoda kupumzika kidogo nikashikwa na usingizi mzuri, mpaka jirani yangu Shakila alipokuja kuazima nyundo akaniamsha. Kichwa kiliniuma kidogo halafu kikapoa. Hivyo unaona, mambo yanakwenda.

Reginald


Masasi, 20 Juni 2024

Reginald,

Salamu nitakupa nikimaliza.

Usingizi gani wa saa tatu asubuhi? Mwanamume mzima, umeamka, umekunywa chai, umeshika patasi, halafu unalala kwenye kigoda ndani ya banda lililofungwa na jiko la mkaa linawaka? Wewe ndiye uliyekuwa unazunguka vijijini mpaka Chilangala kuwaambia akina mama wasilale na mkaa ndani ya nyumba. Nilikuwa najivunia. Leo Shakila asingeazima nyundo, Anwari angeniletea barua ya aina nyingine, na nani angeniandikia tena?

Nimeogopa, mdogo wangu. Nimekaa na barua yako mkononi mpaka ugali ukaungua, na sikuunusa.

Mkaa marufuku. Shakila mpe hiyo nyundo, isirudi.

Hujambo.
Ida


Newala, 2 Julai 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ile hofu. Mkaa nimeuacha. Nimefungua dirisha na mlango, na sasa natumia njia nyingine yenye moto mkali usio na gharama yoyote. Sitakuchosha kwa maelezo.

Mwandiko umepinda kwa sababu macho yamevimba kidogo, na mikono inaniwasha. Nadhani ni upupu. Nilipita kwenye kichaka cha nyuma nikitafuta fito. Shakila amenipaka mafuta ya nazi usoni huku akinicheka. Kifua ni kizima.

Mbavu za gita zimeshika upande mmoja.

Reginald


Masasi, 4 Julai 2024

Mdogo wangu,

Mungu amechukua masikio yangu akaniachia pua. Nimefungua bahasha yako na kabla sijasoma neno nimejua. Upupu! Karatasi inanuka maganda ya korosho yaliyoungua, na kwenye pembe kuna alama ya kidole cha mafuta meusi. Mimi na wewe tumekua chini ya mikorosho, Reginald. Tulipokuwa watoto tukibangua korosho kwa kuzichoma, mama alitusogeza kule ambako moshi haupeperukii, na wewe ndiye uliyebanduka ngozi ya shavu wiki nzima kwa ubishi. Ulikuwa mdogo kwa kweli, lakini sasa una mvi. Mafuta ya yale maganda yakifika kwenye kifua chako, hatuhitaji tena kikao cha Pasaka.

Sasa nisikilize, maana nimelizunguka neno hili tangu mwezi wa sita na nimechoka kulizunguka. Katika kiwanja chako kuna mahali pamoja penye joto. Kuta zake za udongo unene wake ni mkono mzima. Nyasi za paa zimeshonana. Nilikaa humo kipupwe kile nilipokuja kumuuguza wifi yangu, na nilivua sweta. Unapajua. Umejaribu salfa, umejaribu mkaa, umejaribu sumu ya korosho, ili tu usiguse lile kufuli.

Fungua jiko la Oliva.

Dada yako anayekupenda,
Ida


Newala, 6 Julai 2024

Dada,

Shikamoo.

Jiko la Mama Huruma limefungwa, na litabaki hivyo. Naomba tusiliandike tena.

Maganda nimeyafukia.

Reginald


Masasi, 13 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nimengoja wiki nzima. Anwari anapita kila siku akinionesha mikono mitupu. Jana ameandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, maana anajua simsikii, kwamba ulimpungia mkono toka mbali ukaingia ndani.

Nilisema kwa ukali, lakini sifuti. Ila niongeze jambo. Wifi yangu nami nilimpenda. Alipofariki wewe ulilia, watoto walilia, na mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko lile nikipokea masufuria ya majirani kwa sababu mtu lazima ayapokee. Kisha mkafunga. Kanga yake ya kahawia ilibaki kwenye msumari, niliiona, nikataka kuiomba, nikaona aibu. Kwa hiyo usidhani kufuli lile umelifunga peke yako.

Kama hutaki, shuka huku. Joto lipo, chumba kipo. Hutalazimika kufungua mlango wowote.

Ida


Masasi, 21 Julai 2024

Reginald,

Kama unaumwa, sema. Kama umekasirika, sema pia, nitafurahi. Andika hata mstari mmoja.

Ida


Newala, 30 Julai 2024

Dada Ida,

Shikamoo, shikamoo tena kwa zile barua mbili ambazo sikuzijibu. Siumwi. Nilikasirika siku chache, kisha nikawa na kazi.

Nimefungua.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi Shakila alete mafuta ya cherehani. Alipoona limeachia akaniambia, "Baba Huruma, mie nakwenda zangu, nitakuita chai ikiiva," akaondoka haraka. Mwanamke yule ana akili. Nikaingia peke yangu. Dada, nililia. Nililia kwa sauti kubwa kuliko siku ya maziko, maana siku ile watu walikuwa wananitazama. Mafiga matatu yako pale pale, na majivu ya mwisho katikati. Kigoda chake kimelala ubavu. Na juu ya mafiga, kwenye uchaga wa fito, mahindi ya mbegu aliyoyafunga yeye mwenyewe, jozi jozi, yamening'inia kwa maganda yake, meusi kwa moshi, na hakuna hata moja lililoliwa na wadudu. Mimi nilikuwa nanunua mbegu dukani msimu wa pili huu, na zake zipo juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nadhani nikifungua, kile kilichobaki cha Oliva kitatoka na kupotea. Sasa naona nilikuwa nimemfungia gizani. Kanga nimeiacha kwenye msumari. Ukija utaichukua mwenyewe.

Sasa nikueleze kazi, maana najua utauliza moshi. Alfajiri nawasha kuni za mkorosho, mti wenyewe mkavu, si maganda, mlango ukiwa wazi. Mimi sikai ndani; nakunywa chai kwa Shakila. Moto ukishakufa natoa makaa yote nje na kufagia majivu. Ndipo naingiza meza. Moshi hakuna, mkaa hakuna, na kuta zile zinarudisha joto mpaka alasiri kana kwamba kuna mtu bado anapika. Nafanya kazi nimevaa shati. Kifua, nakuapia, hata kikohozi cha kusafishia koo hakijanitoka.

Gita nililibandika vizuri, lakini niliharibu mara moja. Nilifurahia joto, nikauweka uso wa mkangazi juu ya uchaga moto ukiwa bado mkali. Ulipasuka kutoka tundu mpaka chini. Nilikaa kwenye kigoda cha Oliva nimeshika vipande viwili, na hapo nikamkumbuka alivyokuwa akifanya. Unamkumbuka? Akiwa anaongea na wewe, mkono mmoja aliuinua akaulaza kiganja juu ya fito za uchaga, akaendelea na maneno yake. Nilifikiri ni mapozi tu ya kusimama. Kumbe alikuwa anapima. Kiganja kikivumilia mazungumzo, mbegu nazo zitavumilia bila kufa. Kikichomwa, alivuta kuni nje. Nilikula chakula cha jikoni mle ndani miaka yote ile, na nimelielewa juzi.

Nimechonga uso mwingine. Nimelaza kiganja, nimemsimulia Oliva habari za wajukuu, kiganja kimevumilia. Gita liko juu ya uchaga sasa hivi, katikati ya mahindi, na gundi imeshika kila mahali.

Jambo la mwisho. Anwari si mtu wa siri. Ameniambia kwamba chumba chako cha nyuma umekipaka chokaa, umetoboa dirisha la upande wa mashariki, na umeagiza meza nzito ya fundi. Tangu mwezi wa tano, yaani kabla hata sijaziba tundu la kwanza. Dada, ulikuwa unangoja niumwe?

Siulizi kwa hasira. Panda uje uone. Ukisema jiko halifai, nafunga mizigo siku hiyo hiyo, na Anderson nitamwambia mwenyewe.

Reginald


Masasi, 2 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nakuja Jumatano na Anwari. Mwambie Shakila asichinje kuku, tumbo langu halipendi safari.

Kuhusu chumba tutaongea. Au tuseme wewe utaandika kwenye lile daftari la ukutani unaloniandikia nikija na mimi nitakujibu.

Ida


Masasi, 18 Agosti 2024

Reginald, mdogo wangu,

Nimefika salama. Magoti yamelalamika njiani kote, nikayaambia yakae kimya kama masikio.

Swali lako la chumba nililikwepa siku zote nilizokaa kwako, na wewe kwa adabu yako hukuliandika daftarini. Nakujibu sasa. Sikuwa nangoja uumwe. Nilikuwa nangoja mtu. Tangu Anderson ahamie Mtwara na masikio yakafunga, nyumba hii ina watu wanaopita, wananionesha meno, wanaondoka. Wewe ndiye mtu pekee anayenichosha kwa maneno marefu, kwa hiyo nikataka kukuhamishia hapa. Kifua chako kilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa yote. Nilipopaka chokaa ukuta ule nilikuwa najipakia mimi.

Nilipanda kwenu nimeshaamua. Nilikuwa nimepanga niingie, ninuse, nikohoe kidogo, niseme halifai. Nakwambia ili ujue ulivyokuwa karibu kulikosa jiko lako.

Nikaingia. Nikavua sweta. Nikaona kanga kwenye msumari. Hapo tu mpango wangu uliingia ufa.

Halafu ukanikalisha kwenye kigoda cha Oliva, ukashusha gita toka uchagani, ukaandika daftarini, "Hili ni lako." Nilikasirika, uliona. Nilidhani umesahau mimi ni nani sasa. Gita kwa kiziwi! Ukaninyang'anya hasira kwa kunigeuzia gita, mgongo wake ukaulaza hapa kifuani, mfupa kwa ubao, ukaushika mkono wangu ukauweka kwenye uzi mnene wa juu.

Wewe uliona machozi. Nisikueleze machozi, nikueleze usiloliona. Uzi ule nilipoupiga, uliingia. Haukupita masikioni, hapana. Uliingia mfupani ukashuka mbavuni ukatulia tumboni. Nikapiga wa pili, ukakaa mahali pengine, juu kidogo. Wa tatu, juu zaidi. Kila uzi una chumba chake mwilini mwangu, Reginald. Kumbe ndiyo maana uliupunguza mgongo mpaka ukawa mwembamba, na ndiyo ile haraka uliyonikataza kuiuliza. Nikapiga ule wimbo wa mavuno tuliokuwa tukiimba na vijana, taratibu kama mwanafunzi, na nikaujua. Nilipokosea nilijua nimekosea. Hujui ni furaha gani hiyo, kukosea na kujua.

Basi hukumu yangu ni hii, na Anderson nimeshamwandikia. Randa, misumeno, patasi na meza vibaki jikoni kwa wifi yangu. Banda la mabati wape kuku. Kipupwe kijacho nitapanda mimi, nikae mpaka ukungu uishe, kwa hiyo tafuta kigoda cha pili, maana kile kimoja nimeshakizoea. Na masika yakifika huko juu ukachoka kutelezea matope, chumba cha nyuma hapa kina meza nzito na dirisha la mashariki, hakina haraka.

Mbegu za Oliva ulizonifungia, jozi ile moja, nimezitundika jikoni kwangu. Nitazipanda mvua ya kwanza. Kanga nimeivaa leo kanisani.

Tulipokuwa tunashuka, Anwari alikuwa ananitazama kwenye kioo chake na kile kiroba kirefu nilichokipakata tangu Newala, sikutaka kiwekwe juu wala chini ya kiti. Tulipofika stendi akaandika kwenye kiganja: "Bibi, humo mna nini?"

Nikamwambia, kwa sauti nadhani ya kusikika stendi nzima, kwamba ni masikio yangu, nimeyafuata kwa mdogo wangu.

Marahaba, na asante.

Dada yako,
Ida